Mke mwema wa Mithali 31 na ule mstari wa mwisho ambao huwa hatuufikii

Kama umeshakaa kwenye kicheni pati hata tatu tu hapa Tanzania basi hii sehemu unaijua. Bi harusi mtarajiwa kakaa katikati kajifunika khanga kichwa kainamisha, masufuria na mabeseni yamepangwa mbele, somo wake yuko pembeni, halafu anasimama mama mmoja wa kanisani, mara nyingi mama mchungaji au mwenyekiti wa umoja wa wanawake, anafungua Biblia Mithali 31. Anasoma mstari wa 10, mke mwema ni nani awezaye kumwona, kima chake chapita kima cha marijani. Kisha anaruka mpaka wa 15, na hapo ndo anapiga kambi, huamka kabla haujaisha usiku, "mwanangu umesikia? Wewe utaamka saa ngapi?" na binti anajibu kwa kasauti kadogo saa kumi na moja, ukumbi mzima vigelegele. Anamalizia na wa 27, wala hali chakula cha uvivu, Biblia inafungwa, zawadi zinaanza.

Binti anaondoka pale na picha moja kichwani. Mwanamke wa Biblia ni yule anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, anayepika, anayenyamaza, anayevumilia, na nyumba ikiyumba basi ni yeye kuna mahali alilegea. Mimi nimekaa kwenye kile kiti na nikajibu saa kumi na moja kama wengine, na hiyo picha nimeibeba miaka mingi sana, na nikiongea na wanawake wenzangu naona wengi wanaisoma Mithali 31 kama ripoti ya shule ambayo wameshafeli. Kuna dada mmoja kanisani kwetu aliniambia akifika hiyo sura huwa anaifunua haraka apite.

Sijaja kubishana na Biblia, naipenda na ndiyo imenilea. Ninachotaka tufanye ni kuifungua hiyo hiyo sura pole pole, tuone imeandika nini, maana mimi nilipoanza kuisoma vizuri nilimkuta mle ndani mtu ninayemfahamu kabisa, na hakuwa yule wa kicheni pati.

Nilimkuta mamkubwa wangu.

Mamkubwa alikuwa anafanya biashara ya dagaa Mwanza, pale mwaloni Kirumba. Wanaojua dagaa wa Ziwa Victoria wanajua kazi yake ilivyo, dagaa wanavuliwa usiku kwenye kiza, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika maana taa haziwavuti samaki, kwa hiyo maisha ya anayenunua dagaa yanaendeshwa na mwezi. Alikuwa anapanda boti anakwenda visiwani, Ukerewe, wakati mwingine mpaka Goziba kule upande wa Kagera, anakaa siku kadhaa anakusanya mzigo, anarudi na magunia. Nilikuwa naenda kwake likizo. Nakumbuka anachota dagaa kiganjani, anawasugua kwa kidole gumba kama mtu anayehesabu noti, anaangalia kama kiganjani kumebaki mchanga, ananusa, halafu anataja bei moja na hapandi tena. Waliokaushwa mchangani alikuwa anawarudisha bila kuongea sana, alikuwa anataka waliokaushwa juu ya nyavu. Wateja wake walikuwa wanatoka mbali, kuna waliokuwa wanapeleka mzigo mpaka Congo.

Sasa soma mstari wa 14, afanana na merikebu za biashara, huleta chakula chake kutoka mbali. Soma wa 18, huona kama bidhaa yake ina faida, taa yake haizimiki usiku. Mimi sikuhitaji mhubiri anifafanulie hiyo mistari, nilimuona mamkubwa na boti na kile kiganja chake. Na kuamka usiku kwenyewe, alikuwa anaamka saa tisa kuwahi mzigo unaposhushwa, kwa sababu ukichelewa bei imeshapangwa na wengine. Kuchemsha maji ya kuoga ya baba mkubwa ni kitu kingine kabisa.

Twende kwenye neno lenyewe. Kwenye Kiebrania hapo mstari wa 10 pameandikwa esheti hayili. Esheti ni mke au mwanamke wa kitu fulani, na hicho kitu ni hayili. Hili neno liko kwenye Agano la Kale zaidi ya mara 200, na sehemu nyingi sana linamaanisha nguvu, jeshi, ushujaa, utajiri, uwezo. Jeshi la Farao ni hayili. Gideoni anapoitwa na malaika "Ee shujaa", hayili imo. Wale watu hodari ambao Musa aliambiwa awachague wawe viongozi, Kutoka 18:21, ni watu wa hayili.

Na kuna pahala panaonyesha tatizo letu waziwazi. Fungua kitabu cha Ruthu. Sura ya 2 mstari wa 1 Boazi anatambulishwa, Biblia yetu ya Union inasema "mtu mkuu mwenye mali". Sura ya 3 mstari wa 11 huyo huyo Boazi anamwambia Ruthu kwamba mji wote wanajua ya kwamba "wewe u mwanamke mwema". Kwenye Kiebrania wote wawili wameelezwa kwa neno hayili. Mwanaume akiwa nalo tunasoma mkuu mwenye mali, mwanamke akiwa nalo tunasoma mwema. Na hata ndani ya Mithali 31 yenyewe, mstari wa 3 mfalme anaambiwa "usiwape wanawake nguvu zako", hizo nguvu ni hayili, ukishuka mistari saba tu neno limeshageuka wema.

Sitaki kuwalaumu waliotafsiri, ile Biblia ni kazi kubwa na Kiswahili chake kizuri mpaka leo nakisoma kwa sauti, na "mwema" kwa Kiswahili cha zamani lilikuwa na uzito wake. Ila masikio yetu ya leo yakisikia mwanamke mwema yanasikia mpole, mtaratibu, asiyejibu. Wale waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki, kabla Kristo hajazaliwa, hapo waliweka neno la ushujaa ambalo linatokana kabisa na neno mwanamume, na Biblia ya Kilatini aliyoitafsiri Jerome zamani ikasema mwanamke mwenye nguvu. Kwa hiyo kumsoma kama shujaa wala sio mambo ya kizazi hiki cha simu, ni usomaji wa zamani sana.

Ukishajua hilo, vitu vingine vinaanza kujitokeza vyenyewe. Mstari wa 11, "wala hatakosa kupata mapato", hayo mapato kwa Kiebrania ni neno la nyara, vitu ambavyo askari wanarudi navyo kutoka vitani. Mstari wa 15, kile chakula anachowapa watu wa nyumbani, ni neno linalotumika kwa windo, kama windo la simba. Wa 17 anajifunga viuno kwa nguvu, na kujifunga viuno tunakujua, ndivyo mtu anavyojiandaa kwa safari ngumu au kwa vita. Yaani mtunzi kachukua lugha ambayo watu wa wakati ule waliizoea kwenye nyimbo za kusifia mashujaa, akamvisha mama mmoja anayesokota nyuzi na kununua shamba.

Na ni shairi, hili tunalisahau kila siku. Mistari 22 kuanzia wa 10 mpaka wa 31, kila mmoja unaanza na herufi yake kwa mpangilio wa alfabeti ya Kiebrania yenye herufi 22, alefu mpaka tavu. Washairi wetu wa pwani nao wana tungo za namna hiyo za kufuata herufi, na mtu anapotunga hivyo ina maana anataka kumaliza yote ya kusifu, toka mwanzo wa herufi mpaka mwisho wake. Ni sifa za maisha mazima ya mtu yaliyokusanywa. Hakuna mahali panaposema haya yote yalifanyika Jumatatu moja. Sisi tumechukua sifa za miaka 40 tukazigeuza ratiba ya siku moja ya binti wa miaka 24 ambaye ana kazi, ana foleni ya Mbagala, na ana mtoto mwenye homa, halafu tunashangaa anachoka.

Wayahudi wenyewe hili shairi wanaliimba Ijumaa jioni Sabato inapoingia, familia iko mezani, na kwa desturi mume ndiye anayemwimbia mkewe. Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda. Kule mwanamke analisikia akiwa amekaa anasifiwa kwa alichokwisha kufanya. Huku analisikia akiwa kainama anaambiwa atakachotakiwa kufanya. Maneno ni yale yale.

Halafu angalia nani anamwambia nani. Sura inaanza na mafundisho ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Ni mama anaongea na mtoto wake wa kiume, anamkanya pombe, anamwambia afumbue kinywa kwa ajili ya asiyeweza kujisemea, anamwambia awape haki maskini na wahitaji, kisha ndo shairi linafuata. Wapo wanaosema shairi lilikuwa kipande cha peke yake kikaungwa pale, sawa, ila lilipowekwa ndipo tunapolisoma, na pale lilipo sikio la kwanza ni la kijana wa kiume. Sisi tumelipeleka kwenye ukumbi wa wanawake watupu, wanaume hakuna hata mmoja, na kijana anayeoa hajawahi kusomewa. Muulize kaka yako aliyeoa kama aliwahi kukalishwa chini akasomewa Mithali 31.

Sasa hii picha nyingine ilitoka wapi? Kwa ninavyoona mimi ni mito miwili iliyoungana. Mmoja ni mafundisho yetu wenyewe ya somo na kungwi, ambayo yana hekima nyingi tu na siyadharau, ila yana pia lile la mke ni kuvumilia na siri ya nyumba haitoki. Mwingine ulikuja na shule za misheni, ambako wasichana walifundishwa kushona, kuoka, kupanga meza, kutunza nyumba, na mwanamke Mkristo akachorwa kama mama wa nyumbani wa Ulaya wa karne ya 19 ambaye mume ndiye anayetoka kwenda kutafuta. Wakati huo huo bibi zetu walikuwa shambani na jembe tangu alfajiri, wao ndo walikuwa wanalisha nyumba. Ile picha haikuwahi kufanana na maisha ya huku, na haifanani na Mithali 31 pia, maana yule mama wa 31 anakagua shamba akalinunua, kwa mapato ya mikono yake anapanda mizabibu, anatengeneza nguo za kitani na kuziuza, wafanyabiashara wanachukua mishipi kwake. Kwenye shairi lote hakuna mstari unaosema anapika.

Na hana ukimya. Wa 26, hufumbua kinywa chake kwa hekima. Ni kitenzi kile kile ambacho mfalme aliambiwa juu kidogo, fumbua kinywa chako. Huu mstari kwenye kicheni pati sijawahi kuusikia ukisomwa.

Nikiwa hapo hapo, kuna watu kwenye hii sura ambao hatuwaongelei kabisa, wajakazi wake, mstari wa 15, anawapa sehemu zao. Wengi wetu tunaosifiwa kanisani kwamba tumeweza yote, kazi, huduma, watoto nadhifu, kuna dada wa kazi nyumbani ambaye ndiye anayeamka kabla haujaisha usiku. Yeye ndiye anayewasha jiko, anavalisha watoto, na Jumapili mara nyingi anabaki nyumbani kupika wakati sisi tunaimba. Kama tunataka kuishika Mithali 31 basi tuishike na hapo kwenye sehemu yake, mshahara wake ulipwe tarehe yake na siku ya kupumzika apewe. Hili linanigusa kwa sababu nimelikosea mwenyewe, kuna miezi nilichelewesha mshahara wa binti wa watu nikijiambia ataelewa, na yeye alikuwa anasomesha mdogo wake.

Najua kuna mtu hapa anasema sawa, na Waefeso je? Na Tito? Na msaidizi wa Mwanzo 2? Nitapita haraka maana kila moja linataka nafasi yake. Msaidizi, lile neno la Kiebrania ezeri, sehemu nyingi kwenye Agano la Kale anayeitwa hivyo ni Mungu mwenyewe. Msaada wangu utatoka wapi, Zaburi 121, ni neno la mzizi huo. Musa alimwita mtoto wake Eliezeri, Mungu wangu ni msaada. Hakuna anayesikia hapo kwamba Mungu ni wa chini. Waefeso 5 tunaanza kusoma mstari wa 22, enyi wake watiini waume zenu, wakati sentensi inaanzia juu yake, hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo, na kwenye nakala za Kigiriki za zamani kabisa huo wa 22 hauna hata kitenzi chake, unaegemea wa 21. Huwezi kuvikata. Halafu wanaume wanaambiwa wapende kama Kristo alivyojitoa, yaani kufa, na wanaongelewa mistari mingi kuliko wake. Mwanaume anayempiga mkewe akiwa na Waefeso 5 mdomoni hajafika mstari wa 25, na sheria ya nchi nayo inamkataza, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Tito 2:5 wanawake vijana wanaambiwa wawe na kazi nyumbani mwao, na mimi sioni ubaya wa kazi za nyumbani, mama anayelea watoto wake anafanya kazi kubwa mno. Ubaya naouona ni kuisifu kazi hiyo kwa midomo halafu siku ya kuhesabu mali tunasema huyu hakuchangia kitu.

Na hapo ndo tunafika kwenye ule mstari wa mwisho.

Mithali 31:31. "Mpe mapato ya mikono yake, na matendo yake yamsifu malangoni." Rudi kwenye mistari yote 21 iliyotangulia utafute amri. Huioni. Yote ni maelezo, hutafuta, huamka, huangalia, hujifunga, huwakunjulia. Mwanamke haambiwi afanye chochote. Neno la kwanza la amri kwenye shairi zima ni hilo, mpe, na kwa Kiebrania liko kwenye wingi, mpeni, anaambiwa kila anayesikiliza. Baada ya sifa zote hizo wa kuambiwa la kufanya ni nyie wengine. Mpeni alichokichuma. Na mtajeni malangoni, na lango enzi zile ndipo wazee walipokaa, ndipo kesi zilipoamuliwa, ndipo viwanja viliponunuliwa na kuuzwa. Lilikuwa mahakama na ofisi ya ardhi kwa pamoja.

Baba mkubwa alipofariki mamkubwa alikuwa ana zaidi ya miaka 20 kwenye dagaa. Nyumba ya vyumba vinne waliyokuwa wanakaa ilijengwa na dagaa, mimi mwenyewe nilikuwepo likizo tofali zinashushwa na nilimuona akimlipa fundi kwa hela aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Ila kiwanja kiliandikwa jina la mume, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu mke mwema ataanzaje kusema andika na langu. Msibani ilisomwa Mithali 31, wakamsifu mjane wee, mke mwema, amemuuguza mumewe mpaka dakika ya mwisho. Arobaini ilipopita ukoo wakaja na daftari. Kikao kilikaa sebuleni kwake, yeye akiwa jikoni anachemsha chai ya wanakikao. Wazee wa kanisa walikuwepo wawili. Aliitwa mwisho akaambiwa nyumba ni ya ukoo, yeye atakaa kwa watoto. Hakujibu. Nilimuuliza baada ya miaka kwa nini hakusema kitu, akaniambia "nilifundishwa kwamba mke mwema hafumbui kinywa mbele ya wazee".

Hilo la kukaa kwa watoto wala ukoo hawakulitunga siku ile. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali 1963 zinasema mjane hana fungu kwenye urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Wajane wawili wa Shinyanga, wake wa mafundi cherehani, walizipeleka kanuni hizo Mahakama Kuu, na 2006 mahakama ikakubali kwamba ni za kibaguzi lakini haikuzifuta. Shauri likafika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao. Upande mwingine wa sheria uko tofauti kabisa. Sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Kwenye talaka, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu kugawa mali iliyochumwa pamoja, na 1983 Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Mimi hiyo hukumu ya 1983 naisoma kama ufafanuzi wa Mithali 31:31, hata kama majaji hawakuwa wanahubiri. Mikono yake ilifanya kazi, mpe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mafundisho ya mke mwema yabadilishweje kanisani, nitamwambia yaanzie mwisho. Binti anayekaa kwenye kiti cha kicheni pati aulizwe kiwanja kitaandikwa majina ya nani na yupi, kabla ya kuulizwa ataamka saa ngapi. Na muoaji aitwe na wazee wake asomewe sura nzima mpaka wa 31, kwa sababu ndipo alipotajwa yeye.

Limebaki moja ambalo nisingependa niliache, la wadada ambao hawajaolewa, walioachika, wajane, waliotafuta mtoto hawakupata, ambao ikisomwa Mithali 31 wanahisi haiwahusu. Kwenye baadhi ya nakala za Biblia ya Kiebrania, baada ya Mithali kinakuja kitabu cha Ruthu. Unamaliza kusoma shairi la esheti hayili, unafungua ukurasa, unakutana na mwanamke pekee kwenye Biblia nzima aliyeitwa jina hilo uso kwa uso. Na huyo Ruthu siku alipoitwa hivyo hakuwa na hata kimoja cha kwenye shairi. Mume kafa. Mtoto hana. Shamba hana, anaokota masalia ya shayiri kwenye mashamba ya watu. Mgeni, Mmoabu, anaishi na mama mkwe ambaye naye ni mjane. Boazi anamwambia mji wote wanajua wewe ni mwanamke wa hayili, na pale kwenye "mji wote" Kiebrania kinasema lango lote la watu wangu. Malangoni, kama ule mstari wa 31.

Na Boazi hakuishia kwenye sifa. Usiku ule ule alimpimia shayiri vipimo sita kwenye shuka yake, akamwambia usiende kwa mama mkwe wako mikono mitupu. Kulipokucha akapanda mpaka langoni, akaketi, akawaita wazee kumi, wakaketi nao, na jambo la kwanza alilolifungua mbele yao lilikuwa shamba. Lile la familia ya marehemu, nani atalikomboa na wale wajane wawili watakuwa wapi. Alilisema kwa sauti, mashahidi wakisikia.

Sebuleni kwa mamkubwa wazee wa kanisa wale wawili walikunywa chai yake, wakaomba sala ya kufunga kikao, wakaaga.